FF ni Ngapi? Lugha za Skripti na Namba za Besi ya 16

Katika Python, kugeuza stringi "ff" kuwa namba kamili ni kazi ya mstari mmoja: int("ff", 16), na jibu ni 255. JavaScript ina parseInt("ff", 16). Perl ina hex("ff"), PHP ina hexdec("ff"), Ruby ina "ff".hex, Lua ina tonumber("ff", 16), na Bash ina $((16#ff)). Lugha saba, jibu moja. Vitabu vya wanaoanza huimaliza habari hii kwa nusu ukurasa, na kwa "ff" nusu ukurasa unatosha kabisa.

Sasa zipe lugha hizohizo "zz", ambayo haina maana yoyote katika besi ya 16. Python inagoma na kusimamisha programu. Bash nayo inagoma. Lua inarudisha nil, JavaScript inarudisha NaN. Ruby, ukitumia .hex, inakupa 0 bila kusema neno. Perl inakupa 0, na itakuonya endapo tu uliwasha maonyo. PHP inakupa 0, na tangu toleo la 7.4 inaongeza ilani kwamba tabia hiyo imepitwa na wakati. Kisha zipe f kumi na sita mfululizo, "ffffffffffffffff". Python, Ruby na Perl ya biti 64 zinasema 18446744073709551615. JavaScript inasema 18446744073709552000. PHP inabadilisha hata aina ya jibu na kukupa namba ya nukta inayoelea (float), 1.8446744073709552E+19. Bash, pamoja na Lua kuanzia toleo la 5.3, zinasema -1.

Hakuna lugha iliyoharibika hapo. Kila jibu linafuata kanuni iliyoandikwa katika maelezo ya lugha husika. Tatizo ni kwamba stringi ya heksadesimali, yaani ya besi ya 16, haijitoshelezi. Ili iwe namba, lazima maswali manne yajibiwe: imeandikwa kwa besi gani, ifanyweje ikiwa na herufi isiyostahili, namba inaruhusiwa kufika ukubwa gani, na biti zake zisomwe kwa ishara na mpangilio upi. Mwandishi wa programu asipoyajibu, lugha humjibia, na kila lugha humjibia kivyake. Karibu kila hitilafu ya eneo hili huanzia kwenye jibu ambalo mtu hakujua kwamba lilitolewa kwa niaba yake.

Hesabu yenyewe

Ugeuzaji wenyewe hauna ugumu. Unaanza na sifuri. Kwa kila tarakimu, kuanzia kushoto, unazidisha ulichonacho kwa 16 na kujumlisha thamani ya tarakimu hiyo. Chukua "1F4". Tarakimu ya kwanza inakupa 1. Ya pili, F, ni 15: 1 mara 16 jumlisha 15 ni 31. Ya tatu: 31 mara 16 jumlisha 4 ni 500. Kinachobaki ni kuijua thamani ya kila herufi. Katika ASCII, "0" ina namba 48, "A" ina 65 na "a" ina 97; ukitoa 48 kwenye tarakimu za kawaida, 55 kwenye herufi kubwa na 87 kwenye herufi ndogo, umepata thamani.

Herufi hizo sita za ziada hazikuwa A hadi F tangu mwanzo. Kompyuta ya ILLIAC I ya Chuo Kikuu cha Illinois, katika miaka ya 1950, iliandika 10 hadi 15 kwa K, S, N, J, F na L. Bendix G-15 ya miaka hiyohiyo ilitumia u, v, w, x, y na z. IBM ilipoitangaza System/360 mwaka 1964, ikiwa na baiti ya biti nane na uandishi wa A hadi F, tasnia nzima ikaelekea huko. Sababu ni ya kihesabu: tarakimu moja ya besi ya 16 ni biti nne kamili, hivyo baiti moja ni tarakimu mbili, bila kubakiza wala kupungukiwa. Tarakimu ya besi ya kumi haigawi baiti kwa usafi huo.

Usafi huo una faida hadi leo. Mwaka 2022 Python iliweka kikomo cha tarakimu 4300 katika kugeuza stringi ndefu za desimali kuwa namba, kwa sababu kazi hiyo huchukua muda unaokua haraka kuliko urefu wa stringi, na mtu mwenye nia mbaya angeweza kuikwamisha seva kwa kuitumia stringi moja kubwa. Heksadesimali haikuwekewa kikomo hicho. Kila tarakimu yake inaingia mahali pake katika kumbukumbu moja kwa moja, na stringi yenye urefu mara mbili inachukua muda mara mbili tu.

Tabia nyingi za lugha za skripti katika suala hili zinafanana na zile za strtol, funksheni ya lugha ya C. Hiyo huruka nafasi tupu za mwanzo, hukubali alama ya kujumlisha au kutoa, hukubali "0x" ikiwa besi ni 16, kisha husoma hadi inapokutana na herufi ya kwanza isiyofaa. Hapo husimama, na humrudishia mwitaji mambo mawili: namba iliyopatikana, na mahali iliposimama. Kwa kulinganisha mahali hapo na mwisho wa stringi, mwitaji anajua kama yote yamesomwa. Lugha kadhaa za skripti zina kusimama huko bila taarifa ya mahali. parseInt ya JavaScript ni mfano ulio wazi kuliko yote.

Besi: ya kuambiwa na ya kukisiwa

Python ina msimamo mkali hapa. int("ff") bila besi ni hitilafu, na int("0xff") pia ni hitilafu, kwa sababu besi ya kawaida ni kumi na "x" si tarakimu. Ukitaka Python ikisie kwa kuangalia kiambishi, lazima uombe kwa kuandika besi 0: int("0xff", 0). Kukisia kupo, ila kunaombwa.

JavaScript inakisia bila kuombwa. parseInt("0xff") ni 255 kwa sababu ya kiambishi, wakati parseInt("ff") ni NaN. Hilo la NaN angalau linaonekana. Hatari kubwa iko kwenye parseInt("7e"), inayorudisha 7: imesoma tarakimu moja ya desimali, ikakutana na "e", ikasimama. Fikiria baiti zote 256, kuanzia 00 hadi ff. Mia moja kati ya hizo zimeandikwa kwa tarakimu tupu, bila herufi hata moja. Aliyesahau kuandika besi atapata jibu sahihi kwa kumi za kwanza tu, 00 hadi 09. Tisini zinazobaki zitampa jibu lisilo sahihi ambalo lina sura ya namba halali. Nyingine nyingi, zile zinazoanza na tarakimu na kuishia na herufi, zitakatwa nusu kimyakimya.

Kukisia huko kuliwahi kuwa kubaya zaidi. Kabla ya toleo la tano la ECMAScript, kiwango cha JavaScript, mwaka 2009, kivinjari kiliruhusiwa kuichukulia stringi inayoanza na sifuri kuwa ya besi ya 8. parseInt("08") na parseInt("09") zilirudisha 0 katika baadhi ya vivinjari, kwa kuwa 8 na 9 hazimo katika besi hiyo. Fomu za tarehe zikafanya kazi vizuri kuanzia Januari hadi Julai, zikaharibika Agosti na Septemba. Bash bado ina tabia hiyo: $((08)) ni hitilafu, na skripti inayosoma saa au mwezi kwa amri ya date hukwama kwa sababu hiyo.

Hata besi ikitajwa, kiambishi kinaweza kuleta utata. Katika Python, int("0b1", 0) ni 1, kwa sababu "0b" ni kiambishi cha besi ya 2. Lakini int("0b1", 16) ni 177, kwa sababu katika besi ya 16 "b" ni tarakimu halali: 11 mara 16 jumlisha 1. Stringi ileile, tarakimu zilezile, na majibu yote mawili ni sahihi. Data inapokuja bila kiambishi, na mara nyingi hivyo ndivyo inavyokuja, besi 0 si ya kutumia.

Kuna mtego mmoja zaidi wa JavaScript unaowapata hata wazoefu. ["10", "10", "10"].map(parseInt) haitoi 10 mara tatu. Inatoa 10, NaN na 2. map huipa funksheni thamani pamoja na nafasi yake kwenye orodha, na parseInt huichukua nafasi hiyo kuwa besi: 0, inayochukuliwa kama kumi, 1, isiyo besi halali, na 2. Besi imetajwa, ila aliyeitaja si mwandishi.

Uchafu: kukataa, kusimama au kuruka

Data halisi haiji ikiwa safi. Ina nafasi mwishoni, ina nukta pacha katikati, ina herufi O palipotakiwa sifuri kwa sababu mtu aliinakili kwa mkono kutoka kwenye kibandiko. Lugha zina shule tatu kuhusu hilo, na stringi "12:34" inazitenganisha vizuri.

Shule ya kwanza inakataa: Python inatoa hitilafu, Lua inarudisha nil, na Ruby inagoma ukitumia Integer("12:34", 16). Shule ya pili inasoma hadi inapokwama: parseInt("12:34", 16) ni 18, na "12:34".hex ya Ruby pia ni 18, kwa maana ya "12" peke yake. Shule ya tatu inaruka isichokitambua na kuendelea: hexdec("12:34") ya PHP ni 4660, kana kwamba ulikuwa umeandika "1234". Kwa anwani ya MAC, yenye baiti sita zilizotenganishwa kwa nukta pacha, shule ya pili inakupa baiti ya kwanza tu, na ya tatu inakupa anwani nzima. Mtu anayehamisha programu kutoka PHP kwenda JavaScript kwa kubadilisha majina ya funksheni pekee anapata namba katika kila mstari, na karibu zote si zenyewe.

Shule ya kukataa nayo si kali kama inavyodhaniwa. int ya Python hukubali nafasi tupu na mstari mpya pande zote mbili, hukubali "-ff", na tangu toleo la 3.6 hukubali mstari wa chini kati ya tarakimu, hivyo int("f_f", 16) ni 255. Hukubali hata tarakimu za Kiarabu: int("٢٥", 16) ni 37. Kwa kikokotoo cha mtu binafsi hayo ni ukarimu. Kwa programu inayothibitisha namba ya kadi au ufunguo wa siri, maana yake ni kwamba stringi kadhaa tofauti zinageuka kuwa namba moja, na anayelinda mlango anahitaji kujua hivyo. Dawa ni kukagua umbo kabla ya kugeuza: herufi zinazokubalika ni 0 hadi 9, A hadi F na a hadi f, na urefu ni ule unaotarajiwa. Katika Python ukaguzi huo ufanywe kwa re.fullmatch. Anayetumia re.match na alama ya $ mwishoni ataruhusu mstari mpya upite bila kujua.

Kuna njia ya mkato ambayo haifai kabisa: kuunganisha "0x" na stringi ya mgeni kisha kuipitisha kwenye eval. Hapo hugeuzi namba. Unaendesha programu iliyoandikwa na mtu usiyemjua. Bash ina mlango wa aina hiyo ambao wengi hawauoni: kilichomo ndani ya $(( )) husomwa kama hesabu kamili, na hesabu hiyo inaweza kubeba amri ndani ya mabano ya safu. Stringi kutoka nje ikaguliwe kabla haijafika hapo.

Ukubwa: pale namba inapojaa

Python na Ruby hazina kikomo cha namba kamili, kwa hiyo katika lugha hizo swali hili halisumbui. Kwingineko linasumbua. JavaScript huhifadhi namba zake za kawaida kwa muundo wa nukta inayoelea wa biti 64, ambao unawakilisha namba kamili zote bila kosa hadi 9007199254740991 tu. parseInt("20000000000001", 16) ilipaswa kuwa 9007199254740993, inatoa 9007199254740992. Tofauti ni moja, hakuna onyo, na kitambulisho cha mteja kimekuwa cha mteja mwingine. Tangu ECMAScript ya 2020 kuna BigInt: BigInt("0xffffffffffffffff") inatoa tarakimu zote ishirini kwa usahihi. Inahitaji kiambishi cha "0x", na hairuhusu kuchanganywa na namba za kawaida katika hesabu moja. Usumbufu huo ni wa makusudi, na unafaa.

PHP hubadilisha jibu kuwa float linapozidi biti 63, hivyo hupoteza usahihi kwa namna ileile. Lua na Bash hazipotezi biti za chini. Zinapojaa huzunguka, ndiyo maana f kumi na sita zikawa -1. Kwa anayetaka biti zenyewe, -1 hiyo haijaharibika: ni biti 64 zote zikiwa zimewaka. Kwa anayetaka idadi, ni upuuzi. Hapo ndipo swali la nne linapoingia.

Ishara na mpangilio: lori linapovuka ikweta

Baadhi ya vifaa vya kufuatilia magari hutuma latitudo kama namba kamili ya biti 32, ikiwa imezidishwa mara milioni kumi, na seva huipokea kama tarakimu nane za heksadesimali. Lori likiwa Kampala, karibu nyuzi 0.3 kaskazini, stringi ni kama "002DC6C0". Igeuze: 3000000. Gawanya: 0.3. Barabara ya Masaka inavuka ikweta Kayabwe. Lori likifika nyuzi 0.1 kusini, stringi inakuwa "FFF0BDC0". Ukiigeuza kwa int(s, 16) unapata 4293967296, na ukigawanya unapata nyuzi 429.4, wakati latitudo haizidi 90.

Kifaa hakikukosea. Namba hasi kimeiandika kwa kijalizo cha mbili, ambamo biti ya juu kabisa ikiwaka, thamani ni ile uliyoisoma kutoa 2 kwa kipeo cha 32. Ukitoa 4294967296 kwenye 4293967296 unapata -1000000, yaani nyuzi -0.1. Lakini stringi yenyewe haikuonyesha popote kwamba ina ishara. "FFF0BDC0" ingeweza kuwa rangi yenye uwazi, namba ya kifaa au idadi halisi ya kitu. Aliyejaribu programu hiyo Kampala mjini, au Ulaya, angeiona inafanya kazi miezi mingi. Aliyeijaribu Nairobi, Dar es Salaam au Bujumbura, ambako latitudo zote ni hasi, angeugundua ubovu siku ya kwanza. Majaribio yasiyo na namba hasi hayajajaribu ugeuzaji wa aina hii.

Hakuna funksheni yoyote ya kawaida ya kugeuza heksadesimali katika lugha hizi inayoambiwa "soma kwa ishara, biti 32". Python inatoa njia nyingine iliyo safi: int.from_bytes(bytes.fromhex("FFF0BDC0"), "big", signed=True), ambayo inajibu -1000000 na inampa mwandishi mahali pa kutaja mpangilio na ishara. Katika JavaScript, parseInt("FFF0BDC0", 16) | 0 inatoa jibu lilelile, kwa kuwa alama ya | huibana namba katika biti 32 zenye ishara. Kwa biti 16 au 64 haifai hivyo hivyo. Perl hupitia pack na unpack, Lua hupitia string.unpack. HEX2DEC ya programu za majedwali, kwa upande wake, hukubali tarakimu kumi na kuzisoma kama biti 40 zenye ishara: FFFFFFFFFF huko ni -1, lakini FFFFFFFF, tarakimu nane, ni 4294967295. Mhasibu na mhandisi wakibandika stringi moja katika vyombo viwili wanaweza kutofautiana bila hata mmoja kukosea.

Neno "big" katika mstari ule wa Python ni la mpangilio wa baiti. Stringi "E803" ikisomwa baiti kubwa mbele ni 59395. Ikisomwa ndogo mbele ni 03E8, yaani 1000. Wafungaji wa milango ya kadi maofisini wanalijua tatizo hili kwa machungu. Kadi yenye baiti 04, 3F, 1A na 2C inaweza kutoka kwenye kisomaji kimoja kama 0071244332 na kwenye kisomaji kingine kama 0739917572. Kadi ni moja na baiti ni zilezile. Tofauti ni upande wa kuanzia. Hifadhidata iliyosajili kadi kwa kisomaji cha kwanza haitamfungulia mtu yeyote mlango kwa kisomaji cha pili, na kupekua ugeuzaji wa heksadesimali hakutasaidia, maana pande zote mbili umefanyika sawasawa.

Wakati wa kutogeuza

Baadhi ya stringi za heksadesimali hazipaswi kuwa namba hata kidogo. Modemu ya GSM iliyowekwa katika hali ya UCS2 hurudisha ujumbe kama "00530061006C0069006F". Kama namba moja, hiyo haina maana. Ikigawanywa tarakimu nne nne inakuwa 83, 97, 108, 105 na 111, nazo ni herufi za "Salio". Wengi huandika kitanzi kinachokata nne nne na kugeuza kila kipande kuwa herufi, na kitanzi hicho hufanya kazi hadi mteja atume emoji. Emoji huandikwa kwa vipande viwili vinavyotegemeana, kwa mfano D83D na DE00, na kila kimoja peke yake si herufi. Njia iliyo sahihi ni kuziacha ziwe baiti: bytes.fromhex(s).decode("utf-16-be"). Namba kamili haikuhitajika popote katika safari hiyo.

Vitambulisho ni kundi la pili. UUID, anwani ya MAC, hashi ya SHA-256 na namba ya kadi ni majina yaliyoandikwa kwa tarakimu. Hakuna anayeyajumlisha. Ukiigeuza "00A1" unapata 161, na ukirudisha unapata "a1": sifuri za mbele zimepotea, na herufi kubwa pia. Bora zilinganishwe kama stringi, baada ya kukubaliana herufi ziwe kubwa au ndogo.

PHP imetoa mfano mchungu kuliko yote wa jina lililogeuzwa namba bila idhini. Hashi ya MD5 ya stringi "240610708" huanza na 0e, na tarakimu zote zinazofuata ni za kawaida, bila herufi. Hashi ya "QNKCDZO" nayo iko vivyo hivyo. Alama ya == katika PHP, inapoona stringi mbili zenye sura ya namba, huzilinganisha kama namba. "0e" ikifuatwa na tarakimu husomwa kuwa sifuri mara kumi kwa kipeo fulani, yaani sifuri. Sifuri ni sawa na sifuri, na hashi mbili tofauti zikahesabiwa kuwa moja. Programu iliyolinganisha hashi za nywila kwa == ingeweza kumruhusu mtu asiye na nywila. Dawa ni === au hash_equals. Jedwali la hesabu hufanya jambo lilelile kwa upole zaidi: ukiandika kitambulisho "12E4" kwenye seli ya kawaida, kinageuka kuwa 120000 na asili yake haipo tena.

Upepo unakoelekea

Ukarimu wa lugha hizi ulikuwa na sababu. Perl, ya mwaka 1987, ilizaliwa kwa ajili ya kuchota taarifa kutoka kwenye maandishi yasiyo na nidhamu, na programu inayozimika kwa kila uchafu isingefaa. parseInt inayosimama mahali pa kwanza penye shaka ni nzuri sana kwa "12px" kutoka kwenye mtindo wa ukurasa. Skripti iliandikwa asubuhi, ikatumika mchana, ikatupwa jioni, na aliyeiandika ndiye aliyelisoma jibu na kuona kama lina akili.

Lugha hizohizo sasa zinasoma mita za umeme, zinafuatilia mizigo na kuthibitisha malipo usiku kucha bila mtu mbele ya skrini, na wanaozitunza wamelitambua hilo. Python 3, mwaka 2008, iliacha kuikubali "010" kuwa ya besi ya 8. ECMAScript iliondoa ukisiaji wa besi hiyo mwaka 2009. PHP 7.0, mwaka 2015, iliacha kuihesabu stringi "0xff" kuwa namba; kabla ya hapo "0xff" == 255 ilikuwa kweli. PHP 7.4, mwaka 2019, ikaanza kulalamika juu ya herufi ambazo hexdec ilikuwa inaziruka. Mabadiliko haya yamefanywa na watu tofauti, katika lugha zisizopendana, na yote yanaelekea upande mmoja: kupunguza kukisia, hata kwa gharama ya kuvunja programu za zamani.

Bado nusu ya kazi imebaki kwa mwandishi. Lugha zimekuwa kali zaidi kuhusu besi na uchafu, lakini kuhusu ishara na mpangilio haziwezi kusaidia, kwa sababu taarifa hiyo haimo kwenye stringi na haitakuwemo. Imo kwenye waraka wa kifaa, au kichwani mwa aliyekitengeneza. Ndiyo maana funksheni ya kugeuza inayofaa kuandikwa kazini si int wala parseInt tupu, bali yako mwenyewe, yenye jina la kitu kinachosomwa: soma_latitudo, soma_kadi, soma_ujumbe. Ndani yake andika besi, umbo linalokubalika, idadi ya biti, ishara na upande wa kuanzia. Kisha ijaribu kwa stringi tupu, kwa stringi yenye herufi moja mbovu katikati, kwa thamani kubwa kuliko zote na kwa thamani hasi. Ikiwa waraka wa kifaa hausemi kama namba ina ishara, mwulize mtengenezaji kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Jibu lake ni sehemu ya data kama zilivyo tarakimu zenyewe.